Wastani wa Maisha ya Bidhaa ni Uongo Wenye Tarakimu

Kuna neno moja limenichosha, na leo nitalisema waziwazi hata kama kuna watakaonuna. Neno lenyewe ni WASTANI. Eti taa hii ya sola hudumu kwa wastani wa miaka mitatu. Eti diski hii ina maisha ya saa milioni moja. Eti betri hii kwa wastani huchajiwa mara mia tano. Tarakimu safi, zimechapishwa kwenye katoni kwa wino wa rangi, na mnunuzi anaamini kwa sababu tangu shuleni tumefundishwa kwamba namba haina ubia na mtu.

Mimi ni mwandishi wa programu. Nimeandika mifumo ya stoo na ya waranti kwa wafanyabiashara kadhaa, na karibu kila mmoja huomba kitu kilekile: kisanduku kimoja kwenye ukurasa wa mbele kinachoonyesha "wastani wa maisha ya bidhaa". Sina ugomvi na wafanyabiashara hao. Ugomvi wangu ni na wenzangu wa fani hii wanaojua hesabu na bado wanakichora kisanduku hicho bila kusema neno, wanachukua hela zao na kwenda zao.

Dai langu ni fupi. Bidhaa zilizotoka katoni moja, zenye jina moja na bei moja, mara nyingi SI kundi moja. Ni mchanganyiko wa makundi mawili au matatu yanayokufa kwa sababu tofauti na kwa wakati tofauti. Ukizijumlisha na kugawanya unapata namba isiyoeleza kundi lolote kati ya hayo. Hesabu ya kuyatenganisha ipo, ina umri wa zaidi ya karne moja, na kompyuta yako inaiweza bila jasho. Inaitwa modeli mchanganyiko. Kutoitumia ni uvivu, na gharama ya uvivu huo inalipwa na mnunuzi.

Tuanze na matatu. Mzee wa miaka 70 amepanda na mjukuu wake wa miaka 2. Wastani wa umri wao ni miaka 36. Haya, niambie ni nani kati yao ana miaka 36? Mshonee yeyote kati yao suti ya mtu wa miaka 36 uone kama itamkaa.

Utasema huo ni mzaha. Basi chukua jambo zito. Mtu akisikia kwamba jamii fulani ya zamani iliishi kwa wastani wa miaka 40, haraka haraka anadhani watu walizeeka wakiwa na 40. La hasha! Wazee wa miaka 70 na 80 walikuwepo. Kilichoshusha wastani ni watoto waliokufa wachanga. Mwanakijiji aliyevuka utoto alikuwa na matumaini tofauti kabisa na ya mtoto wa wiki moja. Wastani uliwaficha wote wawili.

Vifaa ni vivyo hivyo, na sitaki uamini kwa sababu mimi nimesema. Tupige hesabu. Namba zifuatazo nimezitunga ili tuelewane, lakini unaweza kuzirudia mwenyewe kwenye lahajedwali.

Tuseme duka limeuza taa 1,000 za sola. Taa 100 ni dhaifu: lehemu mbaya, au seli ya betri iliyopita kiwandani bila kukaguliwa. Hizi huishi wastani wa miezi 4, nazo hufa ovyo ovyo bila kujali umri. Taa 900 ni imara: hazisumbui mwanzoni, zinakuja kuchoka karibu na mwaka wa nne. (Kwa wanaotaka undani: mtawanyo wa Weibull, kigezo cha umbo 4, kigezo cha kipimo miezi 48.) Wastani wa zote 1,000 ni kama miezi 39.6, yaani miaka mitatu na ushee. Muuzaji anachapisha "MIAKA 3" na wala hajadanganya.

Sasa angalia taa zinazokufa kila mwaka:

Mwaka wa 1: taa 99 hivi (95 kati yake ni zile dhaifu)
Mwaka wa 2: taa 56
Mwaka wa 3: taa 190
Mwaka wa 4: taa 325
Mwaka wa 5: taa 253
Zilizobaki: taa 77

Umeona umbo lake? Vifo vingi mwanzoni, kisha utulivu, kisha vifo vinapanda. Wahandisi huiita grafu ya beseni kwa sababu ina kingo mbili na bonde katikati. Wengi huichora kana kwamba kila taa hupitia hatua hizo tatu. Hapana! Katika mfano wetu hakuna taa hata moja inayoishi maisha ya beseni. Kuna kundi moja linalokufa mapema na jingine linalokufa likichoka. Beseni ni picha ya umati.

Sasa mpe data hizo mtu wa wastani. Atachukua ile miezi 39.6 na kuiingiza kwenye fomula rahisi kuliko zote, mtawanyo wa eksponensheli, unaodhani kwamba kifaa hakina umri: kiwe cha jana au cha miaka mitano, hatari yake ya kufa leo ni ileile. Fomula hiyo itamwambia mwenye duka ajiandae kwa taa 261 zitakazorudi mwaka wa kwanza. Zitarudi 99. Itamwambia mwaka wa nne zitakufa 105. Zitakufa 325! Amekosea kwa zaidi ya mara mbili upande mmoja, na kwa mara tatu upande wa pili, kwa kutumia wastani ulio SAHIHI kabisa.

Na nani anaumia? Waranti nyingi za vifaa hivi ni za mwaka mmoja. Mwenye duka aliyetarajia taa 261 anapandisha bei ili kujikinga, na mnunuzi analipia hatari ambayo haipo. Halafu mwaka wa nne, shule iliyonunua taa zote kwa mkupuo mmoja inajikuta gizani kwa sababu bajeti ya kubadilisha iliandikwa kwa fomula isiyojua uchovu. Na yule mama aliyeokota taa moja kati ya zile 100 dhaifu? Yeye hakununua wastani. Alinunua taa MOJA. Ikifa mwezi wa tatu na risiti imepotea, miaka mitatu ya kwenye katoni haimsaidii kuwasha hata kiberiti.

Swali la haki ni hili: tutajuaje taa ipi ni ya kundi lipi, wakati hazina alama usoni? Hapa ndipo modeli mchanganyiko inaponifurahisha. Hailazimishi jibu la ndiyo au siyo. Inampa kila marehemu uwezekano. Katika mfano wetu, taa iliyokufa mwezi wa 3 ina uwezekano wa asilimia 99.8 kwamba ilikuwa dhaifu. Iliyokufa mwezi wa 20 ina asilimia 3 tu. Iliyokufa mwezi wa 12 iko katikati, karibu nusu kwa nusu, na mtu anayedai kuijua kwa kuangalia tarehe pekee anapiga ramli. Taa iliyo HAI baada ya mwaka mmoja je? Uwezekano wake wa kuwa dhaifu umeshuka chini ya asilimia 1. Sasa hayo ni maarifa. Wastani hauwezi kukupa hata moja kati ya hayo.

Lakini katika data halisi hatujui kwamba dhaifu ni 100, wala kwamba zinaishi miezi 4. Tunakisia, tunaipa kila taa uwezekano wake kwa kutumia kisio hilo, kisha tunarekebisha kisio kwa kutumia uwezekano huo. Tunarudia hivyo hadi namba zitulie. Njia hii ilipewa jina la EM na Dempster, Laird na Rubin katika makala yao ya mwaka 1977. Mwandishi wa programu anayejua kitanzi cha "while" anaweza kuiandika jioni moja. Ni kupepeta mchele, ndugu yangu. Unarusha ungo mara nyingi, na kila mara chuya zinajitenga zaidi.

Na usidhani ni mtindo mpya ulioletwa na wimbi la akili bandia. Karl Pearson alitenganisha makundi mawili ndani ya vipimo vya kaa 1,000 wa Naples mwaka 1894, kwa mkono! Waloddi Weibull wa Uswidi alichapisha makala yake maarufu kuhusu mtawanyo wenye jina lake mwaka 1951. Mwaka 1958 Mendenhall na Hader walichambua redio za mawasiliano za shirika moja la ndege: redio 369, ambapo 218 zilithibitishwa kuwa mbovu, 107 ziliondolewa kwenye ndege lakini fundi alipozipima hakukuta kosa, na 44 zilikuwa bado nzima utafiti ulipofungwa zikiwa na saa 630. Mwaka uliofuata, 1959, Kao alitumia Weibull mbili zilizochanganywa kueleza vifo vya valvu, zile "taa" za ndani ya redio za zamani: nyingine zilikufa ghafla, nyingine zilichakaa polepole.

Soma tena hiyo ya redio 107. Ziling'olewa, zikaandikwa "mbovu", kumbe nzima. Mtu wa wastani angezihesabu pamoja na zile 218 na kuendelea na chai yake. Wale mabwana walikataa mwaka 1958. Sisi wa leo tuna kisingizio gani?

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa hata werevu. Mwaka 1963 Frank Proschan aliangalia mitambo ya kupoza hewa kwenye ndege za Boeing 720. Data za ndege zote zilipowekwa pamoja, ilionekana kwamba kadiri muda unavyopita tangu hitilafu iliyotangulia, hatari ya kuharibika inapungua. Mitambo inajiponya? Hapana. Ukiichukua kila ndege peke yake, hatari haikuonyesha kupungua. Ila ndege hazikulingana: baadhi zilisumbua mara kwa mara, nyingine mara chache. Ukizichanganya, vipindi virefu vinabaki kuwa vya zile ndege tulivu, na mchanganyiko wote unaonekana unapata nafuu. Kwa hiyo ukisikia muuzaji anasema "mashine zetu zikizoea zinakuwa imara zaidi", muulize kwa upole: zimezoea, au mbovu zimeshakufa?

Tuje kwenye diski, maana hapa ndipo watu wa kompyuta tunapokaa. Karatasi za watengenezaji huandika MTTF, yaani wastani wa muda kabla kifaa hakijaharibika, wa saa 1,000,000 hadi 1,500,000. Saa milioni moja ni miaka 114. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichapisha utafiti wa diski kama 100,000 zilizokuwa kazini. Kwa karatasi za watengenezaji, diski zinazokufa kwa mwaka hazikupaswa kuzidi asilimia 0.88. Walichokuta ni kwamba zinazobadilishwa kwa kawaida huzidi asilimia 1, asilimia 2 hadi 4 ni jambo la kawaida, na kwenye mifumo fulani zilifika 13. Ni kweli kwamba kubadilishwa si lazima kuwa mbovu (kumbuka zile redio 107), lakini mwenye mfumo analipa vilevile.

Katika mkutano huohuo wa 2007, Pinheiro, Weber na Barroso wa Google walitoa utafiti wao wa diski zaidi ya 100,000. Diski za mwaka wa kwanza ziliharibika kwa asilimia 1.7, na zile za miaka mitatu kwa zaidi ya asilimia 8.6. Ukiishia hapo unaandika kichwa cha habari: "Umri unaua diski." Lakini wenyewe walionya kwamba kiwango hicho kinategemea sana modeli ya diski, mtengenezaji na wakati zilipotengenezwa, na kwamba grafu yao inabadilika sana ukiichambua modeli kwa modeli. Hao ni watu waungwana. Walijua wana mchanganyiko mkononi na wakasema.

Hapa kwetu mchanganyiko hauhitaji hata darubini. Pita Luthuli Avenue ununue chaja kumi zenye jina moja. Kuna halisi, kuna bandia, kuna iliyofunguliwa ikarekebishwa na kufungwa tena vizuri. Mwishoni mwa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza simu bandia zizimwe, na simu zaidi ya milioni moja zikakatwa. Zilikuwa mifukoni mwa watu, zikifanana kwa sura na ndugu zao halisi. Ukipiga wastani wa maisha ya "simu" katika soko la namna hiyo, unapima nini hasa?

Najua mtakachonijibu. Nimeshasikia yote.

"Wateja hawataelewa." Hawataelewa nini? Mwambie mteja hivi: kati ya taa kumi, moja inaweza kufa mapema, tunza risiti, zikivuka mwaka, tarajia miaka mitatu au minne. Mama mboga anaelewa hilo kabla hujamaliza sentensi. Yeye huchambua nyanya kila alfajiri. Hawezi kukuuzia nyanya ya wastani.

"Data zetu ni chache." Hili lina uzito. Ukiwa na vifaa 20 vilivyoharibika, modeli ya makundi mawili yenye vigezo vitano itakuota ndoto za mchana. Lakini uchache wa data hauugeuzi wastani kuwa ukweli. Unakuambia kwamba hujui, na "hujui" ni jibu halali kuliko namba ya kubuni.

"Ukiongeza makundi utafananisha chochote." Kweli kabisa! Modeli hizi zinapendeza mno, ndiyo maana zinahitaji adabu. Zipo hesabu za kumtoza faini anayeongeza vigezo, kama AIC na BIC. Mimi naongeza kanuni moja ya mtaani: usikubali kundi usiloweza kulipa jina. Hesabu ikisema kuna kundi dhaifu, mpelekee fundi vifaa vilivyokufa mapema avifungue. Akikuta lehemu mbovu au shehena moja ya betri, kundi lina jina. Asipokuta kitu, punguza sauti. Hesabu inaonyesha kuna kundi, na fundi anaonyesha kundi ni la nini.

Sasa niwageukie wenzangu wanaoandika mifumo ya waranti. Mkiandika AVG kwenye SQL juu ya vifaa vilivyorudishwa, mnajua mnachopima? Katika mfano wetu, mwisho wa mwaka wa kwanza, wastani wa maisha ya taa zilizorudi ni kama miezi 3.6. Taa zenyewe kwa jumla ni miezi 39.6! Kosa ni kwamba taa 901 zilizo hai hazimo kwenye hesabu, kwa sababu hakuna aliyezirudisha. Kifaa ambacho hakijafa NI data. Kinasema "nimefika hapa na bado napumua". Wanatakwimu huziita data zilizokatizwa, na programu yoyote ya kutegemewa inazipokea. Python ina maktaba huria inayoitwa reliability yenye Weibull mchanganyiko tayari. R ni ya bure. Kampuni ya Backblaze ya Marekani hutoa bure rekodi za kila siku za diski zake kuanzia 2013, kwa yeyote anayetaka kufanya mazoezi. Hakuna leseni ya kusubiri wala bosi wa kumlaumu.

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Mfumo wa waranti uhifadhi tarehe ya kuuza, tarehe ya kufa, namba ya shehena, na vilivyo hai. Kisanduku cha wastani kitolewe ukurasa wa mbele, kiwekwe namba tatu: ni asilimia ngapi hufa mwaka wa kwanza, sehemu gani ya bidhaa ni dhaifu, na uchovu unaanza lini. Na anayenunua kwa hela za umma, taa za shule au friji za chanjo, aandike namba hizo tatu kwenye zabuni. Muuzaji asiyezijua hajui anachouza. Muuzaji anayezijua na kuzificha nyuma ya wastani, huyo anajua vizuri sana.

Asiyekubali aje na data zake, si na katoni. Ungo ninao, tutapepeta pamoja.